Wikendi moja kutoka Nakuru: twende Kisumu au Mumias?

Kila mwisho wa mwezi swali hili hurudi kwenye kikundi chetu cha safari hapa Nakuru, na kila mara hujibiwa kwa kelele. Wapenda samaki wanataka Kisumu, wapenda historia wanataka Mumias, na anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Somo hili ni la kuamua mapema, nauli ikiwa bado mfukoni.

Nimeiweka miji hii miwili pamoja kwa sababu ya jambo ambalo wengi hawalijui: miaka mia moja na ishirini na kitu iliyopita, Mumias ndio uliokuwa mji wa kutajwa. Kisumu ilikuja juu baadaye.

Hatua ya 1: Hesabu saa, usihesabu siku

Nakuru hadi Kisumu ni kama kilomita 180, kupitia Mau Summit, Londiani, Kericho na Ahero. Kwa matatu weka saa nne, na uongeze kidogo ukikutana na foleni ya malori kwenye mpando. Mumias iko mbele zaidi. Ukipitia Kisumu, una kama kilomita 50 hadi Kakamega, kisha kama 30 kuelekea magharibi. Kwa mwenye gari lake hizo si nyingi. Kwa abiria wa matatu, kinachokula muda ni kushuka, kutafuta gari jingine na kungoja lijae.

Kwa hiyo anayefunga kazi Jumamosi mchana aiache Mumias kabisa. Atafika usiku, alale, aamke, aanze kurudi. Anayeweza kuondoka Ijumaa mchana ana nafasi ya kuchagua.

Hatua ya 2: Tafuta wa kukusimulia kabla ya kutafuta chumba

Hapa ndipo wengi hukosea kuhusu miji midogo ya kihistoria. Wanadhani historia imepangwa barabarani, mtu anashuka na kuiona. Ukishuka Mumias bila mwenyeji utaona maduka, bodaboda, msikiti na matrekta yaliyobeba miwa, kisha utauliza, "Sasa iko wapi?"

Iko kwa watu. Kabla ya reli, misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilikuwa ikipumzika hapa kwa Nabongo, yaani mfalme wa Wawanga, jamii ya Waluhya. Walinunua chakula na pembe za ndovu, na dini ya Kiislamu ikaingia kwa njia hiyohiyo. Nabongo Mumia mwenyewe alisilimu. Mpelelezi Mskoti Joseph Thomson alifika mwaka wa 1883, wakati wasafiri walipopaita Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, babake Mumia. Askofu James Hannington alipita 1885, siku chache kabla ya kuuawa Busoga, upande wa Uganda. Waingereza wakaweka kituo chao cha utawala hapo 1894, na sehemu hii yote ilihesabiwa kuwa Uganda mpaka 1902.

Halafu reli ikafika ziwani Desemba 1901, mahali walipopaita Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Mizigo iliyokuwa ikibebwa vichwani ikaingia kwenye mabehewa, kisha melini, na Mumias ikabaki kando ya njia. Mwaka wa 1920 makao ya wilaya nayo yakahamishiwa Kakamega. Mumia aliishi mpaka 1949, kwa hiyo aliyaona yote hayo kwa macho yake. Kaburi lake liko Matungu, nje kidogo ya mji, penye kituo cha utamaduni cha Nabongo na makaburi ya wafalme wa Wawanga.

Mtu wa kukupeleka huko na kukueleza nani ni nani mtafute mapema. Utampata kupitia mwanakikundi mwenye kwao Butere au Matungu, mwalimu wa historia wa shule ya hapo, au imamu. Mpigie Jumatatu. Ikifika Alhamisi na bado huna mtu, nenda Kisumu bila kujilaumu.

Na ukimpata, kumbuka unaingia nyumbani kwa watu. Salimia kwanza, waite wazee kwa heshima yao, omba ruhusa kabla ya kupiga picha makaburini. Mwisho mpe mwenyeji ahsante yake mkononi. Hiyo ni shukrani, msiichanganye na "kitu kidogo" cha maofisini.

Hatua ya 3: Kisumu haihitaji maandalizi hayo

Jiji hili linajieleza lenyewe. Tuktuk zipo, chakula kipo, na mvua ikinyesha kuna pa kujificha. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, yana boma la Kijaluo la kuingia na kutazama, pamoja na nyoka na samaki. Hifadhi ya wanyama ya Impala iko ufukweni. Ufukwe wa Dunga ni wa mashua na ngege (tilapia) wa kukaanga, na soko la Kibuye hujaa kuliko siku zote Jumapili. Mwenye gari aongeze Kit Mikayi, yale mawe marefu yaliyopandana kwenye barabara ya Bondo.

Ubaya wake? Gharama hutiririka bila kuonekana: tuktuk hapa, soda pale, mashua kule. Mumias hakuna mahali pa kukumalizia pesa hata ukitaka.

Hatua ya 4: Jumamosi iwe ya watu, Jumapili ya vitu

Jumapili asubuhi wengi wako kanisani, na mwenyeji wako huenda ni mmoja wao. Panga mazungumzo na kutembelea watu Jumamosi. Ziwa na soko vitakungoja Jumapili.

Maswali ya wanachama (jina la mbele ni mahali anapotoka anayeuliza)

*Njoro: Nina watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Nichague wapi?*
Kisumu, mama. Mtoto wa miaka minne hatamsikiliza mzee akieleza habari za misafara. Atafurahia kiboko na samaki. Mkipanda mashua, kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha. Kama hakuna la saizi yake, msipande.

*Kiti: Mashua asubuhi au jioni?*
Jioni kuna picha nzuri za jua likizama, lakini upepo na mvua ya ziwa hupenda mchana kwenda jioni. Mimi napendelea asubuhi. Muulize pia mwenye mashua kama gugumaji limeziba njia siku hiyo, kwa sababu husukumwa na upepo, na leo si kama jana.

*Lanet: Treni je?*
Treni ya abiria ya Nairobi–Kisumu ilirudishwa Desemba 2021. Ratiba yake ulizia stesheni kabla ya kupanga chochote.

*Naka: Haiwezekani kufanya yote mawili?*
Inawezekana kwa mwenye kuondoka Ijumaa mchana. Lala Kakamega, si Mumias wala Kisumu. Jumamosi asubuhi uende Matungu, ukae na wenyeji mpaka mchana, ule kuku na ugali wa wimbi na mboga ya mrenda, kisha jioni uteremke Kisumu kulala. Jumapili Kibuye, ngege, na kufikia saa saba mchana uwe kwenye gari la Nakuru. Kwa mtu wa matatu ni mbio kidogo.

*Bahati: Mimi napenda miji ya zamani ila Mumias ni mbali. Kuna nyingine?*
Kendu Bay. Ukitoka Nakuru huna haja ya kufika Kisumu. Shuka Ahero, chukua gari la Katito, halafu Kendu Bay. Ni bandari ya zamani, na karibu na mji kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, lenye kisa cha kijiji kilichozama baada ya kumnyima bibi kizee mahali pa kulala. Hapo pia kanuni ya hatua ya 2 haibadiliki: tafuta mtu wa kukisimulia, na ikiwezekana awe bibi.