Tafuna wanga vizuri kabla haujakutana na asidi

Chukua kipande cha mkate, kitafune taratibu kwa dakika nzima bila kumeza. Utasikia utamu ukija: ni amilesi ya mate inayovunja wanga kuwa sukari. Kimeng'enya hiki, yaani protini inayoharakisha usagaji wa chakula, hupenda pH (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ya karibu 7, na kikishalowa asidi ya tumboni, pH 2 hivi, umbo lake huharibika na kazi hukoma. Basi usikimbilie kumeza. Pepsini, kimeng'enya cha tumboni, ni kinyume kabisa, bila asidi kali haikati protini. Ndiyo maana huniuma kuona mtu anameza dawa za kupunguza asidi kila siku bila kumwuliza daktari. Wanga uliobaki humaliziwa kwenye utumbo mwembamba, ambako bikaboneti ya kongosho hupooza asidi.