Jinsi ya Kuomba Kazi ya Kudhibiti Maambukizi Wakati wa Mlipuko

Ugonjwa ukishalipuka, maombi ya wataalamu wa kuzuia na kudhibiti maambukizi hupokelewa kwa siku chache tu. Anayeanza kusaka cheti chake siku hiyo ameshachelewa. Ndiyo maana nashauri sehemu kubwa ya kazi hii uifanye sasa, kabla tangazo halijatoka.

Anza kwa kujua mlango wako

Wengi hukwama hapa bila kujijua. Mtandao wa kimataifa wa kukabiliana na milipuko, GOARN, ulioanzishwa mwaka 2000 na kuratibiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), haupokei maombi ya mtu mmoja mmoja. Nchi yenye mlipuko ikiomba msaada, wito hupelekwa kwa taasisi wanachama: vyuo vikuu, hospitali, taasisi za afya ya jamii na kadhalika. Taasisi ndiyo inayokupendekeza. Kwa hiyo muulize mkuu wako wa kazi kama mwajiri wenu ni mwanachama, na nani anapokea wito huo. Ukishamjua mtu huyo, mwombe aliweke jina lako kwenye orodha yake.

Kama taasisi yako haimo, milango mingine ipo. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) huajiri wenyewe, na unaomba kupitia ofisi yao inayohudumia nchi unayoishi. Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu hupitia chama cha taifa lako. WHO nayo hutangaza nafasi za washauri wa muda kwenye ukurasa wake wa ajira. Fungua akaunti, jaza wasifu wote, uuhifadhi. Usisahau wizara ya afya ya nchi yako, ambayo huenda ina orodha yake ya timu za dharura.

WHO haitozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Anayekudai pesa ya "kushughulikia faili" kwa jina lake ni tapeli.

Ruhusa ya mwajiri

Hii ndiyo karatasi inayoua maombi mengi kuliko kukosa sifa. Mtu ana uzoefu wa kutosha, amefaulu mahojiano, halafu mkuu wa idara anasema hakuna wa kushika zamu zake. Safari ya aina hii kwa kawaida huchukua wiki kadhaa, na ukipitia GOARN mshahara wako huendelea kulipwa na mwajiri wako. Wanaokupeleka hugharamia usafiri na posho ya kujikimu. Mwajiri lazima ayajue hayo mapema.

Mwandikie barua fupi sasa. Taja muda utakaokuwa nje, nani atashika nafasi yako, na kama unaomba likizo yenye malipo au isiyo na malipo. Omba jibu la maandishi. "Tutaona wakati ukifika" si ruhusa.

Wasifu unaosomeka

Nimesoma wasifu nyingi za wauguzi na maofisa wa maabara, na kosa ni lilelile: cheo kirefu, kazi haionekani. "Mratibu wa udhibiti wa maambukizi, miaka sita" hainiambii chochote. Linganisha na hii: "Nilihamisha kituo cha kuchuja wagonjwa kutoka koridoni hadi getini, nikafundisha wauguzi 30 na wafanya usafi 12, na kila wiki nikakagua unawaji wa mikono wodi nne." Mstari wa pili unamwonyesha mtu akifanya kazi.

Hao wafanya usafi wataje. Ndio wanaochanganya klorini, wanaobeba taka na mashuka yenye damu, na asiyewahi kuwafundisha atapata taabu kwenye eneo la mlipuko. Taja pia kama umewahi kufanya kazi mahali ambapo maji hukatika au glovu huhesabiwa moja moja.

Ambatisha nakala za vyeti, leseni hai ya taaluma, pasipoti ambayo haijakaribia kuisha muda, na wadhamini wawili wanaokujua kazini. Wapigie wadhamini kwanza, waambie simu inaweza kuja wakati wowote. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi yenyewe, zikitaka lugha fulani, andika ukweli kuhusu kiwango chako, mahojiano yatakuumbua.

Mwili nao una nyaraka zake

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 kinadumu maisha yote. Ukichanjwa Jumatatu huwezi kukitumia Jumatano. Kamilisha pia chanjo ya homa ya ini B, na uliza kuhusu nyingine kulingana na ugonjwa wenyewe.

Kama kazi inahitaji barakoa aina ya N95, omba upimwe ujue inakukaa ipi. Wenye ndevu mjue: haikai vizuri juu ya ndevu, na hakuna anayebishana na hilo mlangoni mwa wodi.

Mahojiano

Tarajia kuulizwa utendaji zaidi ya nadharia. Swali la kawaida ni hili: "Tueleze unavyovua vifaa vya kujikinga." Wanasikiliza mpangilio wako. Je, unatakasa glovu kati ya kila hatua? Gauni unalikunja upande wa nje uingie ndani, bila kulikung'uta? Miwani na barakoa unazishika kwa kamba za nyuma, bila kugusa mbele? Na je, umemtaja mwenzako anayesimama pembeni, akikusomea kila hatua na kukuzuia mkono usiende usoni? Asiyemtaja mwenza huyo huwatia wasiwasi wanaohoji, kwa sababu wakati wa kuvua ndipo uchovu na joto humfanya mtu akosee.

Ukali huo una sababu. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, wahudumu wa afya zaidi ya 800 waliambukizwa, na zaidi ya nusu yao walifariki.

Swali jingine hupima busara: glovu zilizobaki ni za siku mbili, utafanyaje? Jibu la "nitaagiza zaidi" halitoshi. Eleza ni kazi zipi zinaweza kufanywa bila glovu, zipi haziwezi kabisa, na utamwambia nani leo hii.

Kabla ya kusaini

Soma kipengele cha bima mara mbili. Kinataja kusafirishwa nje ya nchi ukiugua ugonjwa huohuo uliokwenda kuudhibiti? Bima nyingine huuacha nje kimyakimya. Maliza kozi ya usalama utakayotumiwa, kwani bila cheti chake tiketi inaweza isikatwe.

Uliza pia kuhusu kurudi. Kwa Ebola utafuatiliwa afya siku 21 baada ya kuondoka eneo la hatari. Pata kwa maandishi nani atakupigia simu kila siku, utakaa wapi kama nyumbani kuna mtoto mchanga, na lini mwajiri wako atakuruhusu kugusa mgonjwa tena.