Kupima dawa mpya ya kifafa kwa panya: anza na PTZ

Iwe unapima kemikali safi au magome ya mti unaosifiwa kijijini, jaribio linalofaa kuanzia kwa maabara ya Njoro, Maseno au Kisumu ni la PTZ, yaani pentilenitetrazoli. Kemikali hii huzuia kazi ya GABA, inayotuliza ubongo, na panya hupata degedege. Haihitaji mashine ya umeme, na stima ikipotea katikati ya kazi hujapoteza siku. Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, vitangulie.

Chukua panya weupe wadogo wa kiume, gramu 18 hadi 25, wanane kwa kila kundi. Kundi moja lipewe kiyeyushi kitupu, la pili valproeti ya sodiamu, dawa ya kifafa inayojulikana, miligramu 200 kwa kilo, na matatu dawa yako kwa dozi zinazopanda. Usijaze kundi kutoka kizimba kimoja. Changanya kwa kura. Dawa isiyoyeyuka majini itawanye katika selulosi ya methili ya 0.5%. Kuongeza DMSO, kiyeyushi kikali cha maabara, ni njia rahisi lakini mbaya, kwani yenyewe inaweza kubadilisha degedege.

Yeyusha miligramu 85 za PTZ katika mililita 10 za maji ya chumvi ya 0.9%, siku hiyo hiyo. Kila gramu 10 za panya zipate mililita 0.1, hivyo panya wa gramu 22 apate 0.22. Hiyo ni miligramu 85 kwa kilo.

Dawa ikidungwa tumboni, subiri dakika 30, ikinyweshwa, 60. Kisha inua ngozi iliyolegea ya shingo, dunga PTZ chini yake na uangalie isivuje. Weka panya peke yake katika kizimba cha kuonekana ndani, umtazame dakika 30. Kinachohesabiwa ni mtukutiko unaorudiarudia kwa sekunde 5 au zaidi. Kushtuka mara moja si degedege. Anayetazama asijue panya ni wa kundi lipi. Kundi la kiyeyushi karibu wote wapate degedege. Wengi wakiponyoka, usisome matokeo mengine. Dozi imevuja au panya wako ni wa aina isiyoshtuka upesi, basi rudia kwanza jaribio dogo la kutafuta dozi. Panya anayetukutika bila kukoma auawe kwa njia iliyoidhinishwa, na uamuzi huo uandikwe kabla ya kuanza.

Hapa ndipo dawa nyingi za miti hudanganya: panya aliyelewa hatikisiki, naye huonekana amekingwa. Weka panya wengine, waliopewa dozi ile ile bila PTZ, kwenye fimbo inayozunguka mara 6 kwa dakika. Akianguka mara tatu ndani ya dakika moja, dozi hiyo ni sumu, si kinga.

Dawa ikishindwa hapa usiitupe bado. Ethosuksimidi, dawa ya kifafa, hufaulu kwenye PTZ na kushindwa kwenye mshtuko wa umeme wa miliampea 50 kwa sekunde 0.2, unaopimwa kwa kunyooka kwa miguu ya nyuma; fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, ni kinyume chake. Levetirasetamu, inayotumika sana leo, haizuii lolote kati ya hayo mawili kwa panya wazima. Huonyesha nguvu kwenye mshtuko wa hezi 6 wa sekunde 3, kwa hiyo tafuta maabara yenye kifaa hicho kabla ya kufunga faili.