Jinsi ya kuvuka Januari mpaka Mei bila kuuza korosho za Oktoba

Watu wa kusini wenzangu, hili la leo naliandika kwa moyo wote maana kila mwaka naona familia zinaumia kwa jambo lilelile na linaepukika. Mnada wa korosho unaanza Oktoba, malipo yanaingia mpaka Desemba Januari hivi, baada ya hapo hakuna hela ya maana mpaka ufuta ufike mnadani kwenye Juni. Hapo katikati ndo mvua zenyewe, shamba linataka palizi, watoto wanafungua shule, ghala limeisha, na ndo muda huohuo mtu wa kangomba, yule anayenunua korosho kwa bei ya kutupa zikiwa bado shambani, anapita mlangoni na hela mkononi.

Piga hesabu kidogo ya kangomba. Chukulia anakupa laki mbili Februari kwa makubaliano ya kilo moja shilingi elfu moja, maana yake unadaiwa kilo 200. Oktoba mnada ukitoka hata kwa 2,500 tu, zile kilo zako zina thamani ya laki tano, kwahiyo umelipa laki tatu juu kwa mkopo wa miezi nane. Na mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, sasa fikiria aliyekuwa ameshauza zikiwa bado maua. Tena biashara yenyewe imekatazwa, kwahiyo ukidhulumiwa huna pa kwenda kushtaki.

Kwahiyo kujiandaa kwa mtu wa Newala, Masasi au Nachingwea sio kujaza stoo vitu vya ajabu. Ni kuhakikisha chakula, maji na hela ya dharura vinafika Juni, basi, ili korosho zibaki zako.

Anza na kupima. Chukua wiki moja ya kawaida, sio ya sherehe, andika kwenye daftari la mtoto unga umeenda kilo ngapi, mchele ngapi, mafuta, sabuni, mafuta ya pikipiki kama ipo. Familia ya watu sita inayokula unga kama kilo mbili na nusu kwa siku inamaliza gunia la kilo 100 kwa siku 40. Kuanzia Januari mpaka mwisho wa Mei ni siku 151, kwahiyo ni gunia nne kasoro kidogo ikiwa mnakula ugali wa mahindi peke yake. Ukiwa na muhogo wako gunia mbili zinatosha. Watu wengi hawajawahi kupiga hii hesabu ndo maana wanashangaa Februari.

Sasa lini ununue. Mahindi ya Songea yanavunwa kuanzia Juni kwenda Agosti na yanashuka kwa barabara ya Tunduru mpaka Masasi, hapo ndo bei iko chini. Na hela ya ufuta nayo inaingia kipindi hichohicho. Nunua hapo, Julai au Agosti, usisubiri hela ya korosho ya Novemba maana bei inakuwa imeshapanda na kila mtu ana hela mkononi. Najua Julai Agosti ndo miezi ya ngoma, jando na unyago, na sisemi watu wasicheze watoto wao, hiyo ni heshima ya familia, nasema gunia za chakula ziingie ndani kwanza kabla ya kukodi mziki.

Kuweka ndo kazi, maana dumuzi anaweza kumaliza gunia kabla hujalifungua. Mahindi lazima yakauke kweli. Kama huna kipimo tumia chumvi: chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, weka mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu kabisa, tikisa dakika chache halafu acha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa mahindi bado mabichi, rudisha juani. Ikidondoka chini yote yamekauka. Kisha tumia ile mifuko ya kinga njaa yenye matabaka matatu, mbili za nailoni ndani na kiroba nje, bei yake iko juu ya kiroba cha kawaida lakini hutumii dawa. Jaza mfuko wa ndani, shindilia, kamua hewa yote, sokota shingo, kunja, funga kwa mpira au kamba ngumu, halafu wa pili hivyohivyo, halafu kiroba. Wadudu waliomo wanakosa hewa wanakufa. Usiufungue fungue, ukae mwezi na zaidi. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na pambana na panya maana tundu moja tu limeharibu kila kitu. Kunde, choroko na mbaazi mimi naona bora madumu ya mafuta yaliyooshwa yakakauka vizuri, jaza mpaka juu kabisa isibaki nafasi ya hewa, kaza mfuniko, unafungua dumu moja moja kwa mahitaji.

Muhogo nataka tukae hapa kidogo. Muhogo ndo benki yetu, unakaa ardhini unakusubiri, mvua zikiyumba Februari mahindi yakaungua wenyewe upo. Panda kila mwaka kipande, sio kupanda mwaka huu halafu kusahau miaka miwili, na mbegu usichukue tu kwa jirani kama majani yake yana batobato au mizizi ina madoa ya kahawia ndani, huo ni ugonjwa unauhamishia kwako. Kituo cha utafiti cha Naliendele hapa Mtwara wanashughulika na mazao yetu, waulize wao au afisa ugani mbegu ya kuvumilia, aina ya muhogo inayoitwa Kiroba ni mojawapo inayofahamika pwani. Kwenye mikorosho michanga muhogo na kunde vinakaa katikati ya mistari bila shida.

Lakini jamani muhogo mchungu una sumu, na sumu hiyo inaua watu miguu. Mkoa wetu wa Mtwara ulishapata ugonjwa wa konzo, mwaka 2002 na 2003 ilitokea, mtu analala mzima anaamka miguu imekakamaa, na haiponi. Inawapata zaidi watoto na kina mama walio kwenye umri wa kuzaa. Sababu yake ni njaa yenyewe, watu wana haraka, muhogo unamenywa leo, unakaushwa kidogo, unatwangwa, unaanikwa, unatwangwa tena, ile wengine wanaita chinyanya, siku hiyohiyo au kesho yake ni ugali, na mboga hakuna. Makopa makubwa yaliyoanikwa tu nayo yanabaki na sumu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa na uwezo wa kukuna muhogo mbichi kwenye kikunio halafu ukamue na kuanika, sumu inatoka vizuri zaidi kwa sababu muhogo umesagika kabla ya kukauka.

Na hata ukishakuwa na unga tayari kuna njia rahisi isiyo na gharama yoyote, mama yeyote anaweza. Weka unga mkavu kwenye beseni, weka alama usawa wake ulipofika. Mimina maji huku unakoroga, utaona unashuka, endelea mpaka urudi kwenye ile alama. Hapo mwaga huo unga uliolowa kwenye mkeka au turubai safi na uutandaze mwembamba, usizidi sentimita moja, uache juani saa mbili au kivulini saa tano. Sumu inapaa hewani. Halafu pika ugali siku hiyohiyo kama kawaida, usiulaze. Saa mbili tu, wakati huo unachambua mboga. Na ugali huo usiuleni mkavu, tafuteni dagaa, ng'onda, mbaazi, kunde, njugu mawe, chochote chenye protini, maana mwili unaitaka hiyo ili upambane na sumu. Kama kuna mtoto kaanza kutembea kwa kukakamaa au kuanguka anguka, kimbia kituo cha afya na acheni huo unga mara moja.

Mboga zikauke Machi na Aprili zikiwa nyingi, kunde majani, mlenda, vyote unachemsha kidogo kisha unaanika kivulini vinakaa mpaka kiangazi. Embe Desemba zinaoza chini ya miti kila mahali, ukizikata vipande vyembamba ukaanika kwenye chanja lililofunikwa chandarua umepata matunda ya watoto wa miezi mitatu. Mabibo hivyohivyo yanakaushika. Ming'oko, vile viazi vya porini, ni tamu na tunaipenda lakini usiiweke kwenye hesabu, porini inazidi kuwa mbali. Matembele na mchicha panda pale maji ya kuogea yanapomwagika, hiyo haihitaji hata kuelezwa.

Maji sasa, hasa nyie wa juu ya milima ya Makonde, Newala na Tandahimba, mnaojua dumu la kununua linavyokula hela. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ni mita za mraba 48, mvua moja nzuri ya milimita 20 inakupa karibu lita 960, toa zinazopotea unabaki na mia nane. Mvua moja tu! Kwahiyo hela ya korosho ikiingia, kabla ya redio mpya, weka mfereji wa bati kwenye paa na simtank au kisima cha saruji. Mvua ya kwanza ya msimu iache isafishe paa, usiikinge. Ya kunywa chemsha au weka dawa ya maji, na kisima kifunikwe, mbu na watoto wote wasiingie.

Barabara pia tuifikirie. Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya barabara ya Dar kuja Lindi ilikatika maeneo ya Somanga kule Kilwa, magari yalikwama, na vitu vinavyotoka Dar vikawa shida. Kwahiyo ikifika Machi kuwa na akiba ya wiki tatu ya chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia, kiberiti, dawa za mtu mwenye presha au sukari. Karatasi zako za AMCOS, yaani chama chenu cha ushirika, kadi ya benki, vyeti vya watoto, vyote kwenye mfuko wa nailoni juu, sio chini ya kitanda. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wakitangaza kimbunga usisubiri kuona mawingu, watu wa pwani Mikindani na Kilwa mnaelewa.

Kuku wa kienyeji ndo akiba inayotembea lakini mdondo unawamaliza wote kwa wiki. Chanjo ya matone ya jicho, tone moja, kila miezi mitatu, kuku mzima na kifaranga. Chupa moja inatosha kuku wengi kwahiyo unganeni nyumba kumi mchangie, siku moja mnachanja wote, ukichanja wewe peke yako na jirani hajachanja ugonjwa unaendelea kuzunguka mtaani.

Hela ya dharura iweke kwenye kikoba cha watu unaowajua na mpange mgawanyo uwe Januari au Februari, sio Desemba, hili ni jambo dogo lakini linabadilisha kila kitu. Msimu wa 2018 serikali ilinunua korosho kwa 3,300, uhakiki ukachukua muda, watu wakavuka mwaka wanasubiri malipo. Mwenye kikoba alikula. Mikopo ya kausha damu ya mitaani na ile ya kwenye simu kaa nayo mbali, riba ya wiki haiendani na mtu anayepata hela mara mbili kwa mwaka.

Sasa kuna anayesoma hii ni Februari na ghala ni tupu tayari. Ndugu yangu, fuata mpangilio huu: uza majogoo kwanza ubaki na matetea, kopa kikoba, omba mahindi kwa ndugu kwa makubaliano ya kurudisha mahindi na sio hela, lima kibarua siku mbili kwa wiki siku nyingine palilia kwako, ng'oa muhogo uliokomaa na usindike kama nilivyoeleza. Kikao cha familia kifanyike, mume asiende kuongea na mtu wa kangomba peke yake usiku wala mke asifanye hivyo. Na mbegu za kunde za muda mfupi bado unaweza kupanda mwezi huu, majani yake unaanza kuchuma ndani ya wiki chache.