Somo: Kuuandaa mto upitike na matishari

Mto ukipungua kina, wengi hukimbilia dreja, yaani chombo cha kuchimba sakafu ya mto. Mimi dreja naiweka hatua ya tatu.

1. Pima. Namba unayoisoma kwenye kipimo cha ukingoni siyo kina cha maji. Sifuri yake ina mahali pake, si lazima iwe kwenye sakafu ya mto. Kule Kaub, kwenye mto Rhine nchini Ujerumani, Oktoba 2018 kipimo kilisoma sentimita 25, na bado njia ya meli ilikuwa na zaidi ya mita 1.3. Matishari yalipita, ila na shehena kidogo. Kwa hiyo shusha bildi (kamba yenye risasi ya kupimia kina) au tumia kipimasauti (chombo kinachopima kina kwa mwangwi), njia yote. Tazama hasa kati ya kona mbili, mkondo unapohama ukingo: hapo ndipo fungu la mchanga hujengeka, na fungu moja lenye kina kifupi ndilo litakaloamua mzigo wa safari nzima.

2. Uache mto uchimbe wenyewe. Jenga vikuta vya mawe kutoka ukingoni kuelekea katikati. Maji yakibanwa huenda kasi, na yakienda kasi hubeba mchanga. Ila usizidishe. Rhine ya juu ilianza kunyooshwa mwaka 1817 kwa mpango wa mhandisi Tulla. Ikafupika, ikachimba sakafu yake kupita kiasi. Tangu 1978, kwenye mto huohuo, maji yakishapita mji wa Iffezheim, watu humwaga kokoto mtoni ili kuurudishia ulichokula!

3. Chimba kilichobaki. Na usimwage mchanga juu ya mkondo, utakurudia.

4. Maji yasipotosha, jenga mabwawa yenye vyumba vya kupandishia na kushushia meli. Mississippi ya juu, kule Marekani, ina 29, kwa ajili ya njia yenye kina cha futi 9 iliyoidhinishwa mwaka 1930.

5. Weka maboya, na uyahamishe kila baada ya mafuriko. Boya lililobaki pale fungu lilipokuwa mwaka jana ni afadhali lisingekuwepo.

Maswali ya wanachama

*Mabwawa hayo si yatazuia pia mafuriko?*
Hapana. Kazi yake ni kushikilia maji wakati wa kiangazi. Mafuriko yakija, milango huinuliwa juu kabisa na mto hupita zake.

*Tulikuwa na sentimita 30 chini ya mkuku (uti wa chini wa chombo), tukagusa chini. Hesabu ilikosewa wapi?*
Mlikuwa mnakwenda kasi, sivyo? Kwenye maji mafupi chombo kinachokimbia huzama zaidi, kwa sababu maji yanayopita chini yake huongeza mwendo na mgandamizo hushuka. Punguza mwendo kwa nusu, na kuzama huko kutabaki karibu robo.

*Boya jekundu ni la upande gani?*
Inategemea mto. Tazama maji yanakoelekea: Rhine, jekundu ni kulia, Mississippi, ni kushoto. Nahodha mgeni asitegemee mazoea ya kwao.