SOMO: Kupata protini ya kutosha bila nyama wala samaki

Huhitaji makopo ya unga wa bei mbaya. Vitu vyote nitakavyotaja viko gengeni.

HATUA 1. Piga hesabu yako. Mtu mzima anahitaji gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, kwa siku. Una kilo 60? Ni gramu 48.

HATUA 2. Punguza ugali, ongeza maharage. Hapa ndipo wengi tunapokwama. Mtu anapakua mlima wa ugali, punje za maharage zinahesabika, halafu mchuzi mpaka unamwagika! Protini iko kwenye punje. Kikombe cha chai kilichojaa maharage yaliyoiva, yakishachujwa, kina gramu 15 hivi. Kula kikombe hicho mchana, usiku kula kingine cha dengu, choroko au mbaazi za nazi. Hapo uko karibu na 30.

HATUA 3. Karanga za kujaa kiganja (gramu 30) zina protini gramu 7. Ugali, chapati na uji vitamalizia.

HATUA 4. Changanya nafaka na vyakula vya jamii ya kunde (maharage, dengu, choroko, mbaazi). Mahindi yana laisini (moja ya vijenzi vya protini) kidogo, maharage yanayo tele, ndiyo maana makande ni chakula cha maana kuliko sifa yake. Si lazima viwe sahani moja, mradi umevila siku hiyo.

MASWALI

Mkuu, maharage yananijaza gesi, ofisini naumbuka.
— Pole. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Anza na choroko, kidogo kidogo, tumbo lizoee.

Mchicha si una protini?
— Ipo, ila gramu 100 zilizopikwa hazifiki hata gramu 4. Kula kama mboga.

Dada, naweza kusaga soya mbichi nikaweka kwenye uji?
— Hapana, mpenzi. Soya mbichi huzuia protini isimeng'enywe vizuri tumboni. Ichemshe kwanza, anika, kaanga, ndipo usage.

Mimi sili hata mayai na maziwa. Nimekamilika?
— Kwa protini, ndiyo. Ila vitamini B12 huipati kwenye mboga wala kunde, kwa hiyo ulizia vidonge vyake famasi. Na mwenye shida ya figo asifuate hesabu yangu, amuone daktari kwanza.