Jinsi ya kuiona fosfatesi ikifanya kazi kwenye seli iliyoumia DNA

Wengi tumefundishwa kinesi tu, ile inayobandika fosfeti kwenye protini, fosfatesi, kimeng'enya kinachoibandua, inatajwa mwishoni kama vile kazi yake ni kufagia. Hapana jamani. Seli ikikatika DNA inasimama kugawanyika, inatengeneza, na kurudi kukua inategemea fosfatesi: fosfatesi iitwayo Cdc25 inaibandua fosfeti kwenye CDK1, kinesi inayoanzisha mgawanyiko, ndo seli igawanyike, huku fosfatesi nyingine, PP2A, PP4 na Wip1, zinafuta ile alama ya jeraha, fosfeti iliyo kwenye serini (asidi amino) ya nafasi ya 139 ya H2AX, protini ambayo DNA inaizunguka, tunayoiita gama-H2AX. Mi huipima hivi.

Hatua ya 1: bafa (kimiminika) ya kuvunjia seli. Usiikimbilie hii, maana ukishapasua seli fosfatesi zote zinaachiwa huru na zinaanza kula fosfeti unazotaka kuzipima, mi niliwahi kupoteza wiki mbili kwa kuacha sampuli mezani bila barafu. Weka vizuizi vya fosfatesi, yaani sodiamu floridi na beta-gliserofosfeti, na kama utaangalia pia fosfeti ya tairosini (asidi amino) ya 15 ya CDK1 ongeza othovanadeti, kizuizi cha fosfatesi za tairosini. Hiyo othovanadeti lazima uiamshe: pH 10, chemsha mpaka unjano uishe, ipoe, rekebisha pH, rudia mpaka ibaki haina rangi. Na usiiweke pamoja na EDTA, kemikali inayoshika metali, itaifunga.

Hatua ya 2: gawa seli makundi manne. Zisizoguswa, za mionzi tu (dozi ya grei 2, kipimo cha mionzi, inatosha), za dawa tu, na za vyote viwili. Dawa ni asidi ya okadaiki, inayozima fosfatesi, iliyoyeyushwa kwenye kiyeyusho cha DMSO, kwa hiyo makundi yasiyo na dawa nayo yapate DMSO ileile. Ni sumu, vaa glavu. Dozi ndogo inazima PP2A na PP4 kabla ya PP1, fosfatesi nyingine, ila inaingia kwenye seli polepole, jaribu dozi kadhaa kwanza, na ukiona seli zinajikunja duara na kubanduka umezidisha, matokeo hayo yatupe.

Hatua ya 3: vuna seli dakika 30, saa 2, saa 6 na saa 24 baada ya mionzi. Kawaida alama inapanda haraka ndani ya ile nusu saa ya kwanza alafu inashuka. Ukipima mara moja tu hutaona chochote cha fosfatesi, kazi yake iko kwenye kule kushuka.

Hatua ya 4: westan bloti, yaani kutenganisha protini kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando na kuzitambua kwa kingamwili. H2AX ni ndogo, kilodaltoni kama 15, tumia jeli ya asilimia 15 na utando wa maikromita 0.2. Zibia nafasi tupu za utando kwa albumini, sio maziwa ya unga, kaseini ya maziwa imejaa fosfeti. Pima na H2AX yote, sio yenye fosfeti peke yake.

Hatua ya 5: kusoma. Alama ikigoma kushuka kwenye kundi la vyote viwili, usiandike haraka kwamba DNA haijatengenezwa!! Inawezekana DNA imeshaungwa na ni mfutaji tu aliyefungwa mikono. Fanya jaribio la kometi la pH ya kati (isiyo asidi wala besi), ambapo umeme unavuta DNA iliyokatika itoke kama mkia, linaonyesha mikatiko yenyewe, alafu punguza PP4 kwa siRNA, vipande vya RNA vinavyozuia protini isitengenezwe, maana okadaiki inagusa fosfatesi nyingi na peke yake haikwambii ni ipi.